Kupe Sita wa Kipusa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na nyumba, vigoda na majirani wa kuwasengenya, palikuwa na uwanja wa mpira katika bonde la Vumbi. Msiniulize nani aliufyeka. Swala husema ni wao, Ngiri husema ni wao, na mimi sikuwepo.

Timu ya watoto wa Vumbi ilifundishwa na Nguchiro. Mnamjua Nguchiro, watoto: akisimama kwenye nyasi fupi huonekana masikio tu, na macho yake hayatulii mahali. Aliishi ndani ya kichuguu pembeni mwa uwanja. Kichuguu kile kilikuwa na mashimo saba, na hakuna aliyejua asubuhi angetokea shimo lipi.

Mzee Kifaru hakumwamini mtu wa namna hiyo.

"Mwenye mlango mmoja ana neno moja," alikuwa akisema. "Huyu ana milango saba."

Kifaru alikuwa na binti mmoja, Kipusa, na moyoni alikuwa na tamaa moja tu: kumwona Kipusa akicheza mpira tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, na akifunga goli mbele ya bonde zima. Yeye mwenyewe utotoni hakuwahi kuchezeshwa, kwa sababu kila mpira aliougusa pembe yake iliutoboa. Jambo hilo lilimuuma mpaka uzeeni, ingawa hakumwambia mtu.

Sasa, Kifaru haoni mbali. Simama hatua ishirini mbele yake, hajui kama wewe ni mgeni au kisiki. Macho yake yalikuwa mgongoni: ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu, yule anayekula kupe, ambaye wote humwita askari wa kifaru. Siku za mechi Askari alimtangazia kila kitu. "Kipusa kapata. Kipusa kampa Digidigi. Kipusa kaanguka. Kainuka."

Tena ndiye aliyepima muda. Zamani hizo hapakuwa na saa, kila mzazi alipima alivyojua, na kipimo cha Kifaru kilikuwa kupe. Askari akimdonoa mmoja, akampasua, akammeza, huyo ni mmoja. Akimmeza mwingine, huyo ni wa pili.

Basi siku moja mechi ilipokwisha, Kifaru akauliza, "Ngapi leo?"

"Kipusa kacheza kupe sita, mzee."

"Na mtoto wa Nyati?"

"Mori? Kumi na wanne."

Pfuuu! Kifaru akapumua hadi vumbi likatimka. Kupe kumi na wanne dhidi ya sita! Hapo lazima kuna jambo. Akaenda kwenye kichuguu moja kwa moja, na huko akawakuta wenzake wawili wamemtangulia: Nyati, mamake Mori, na Kiboko, babake Dimbwi. Wote walikuwa wameinamia mashimo wakipiga kelele.

"Kocha, toka nje!" alisema Nyati. "Mwanangu Mori kacheza kupe wanane tu!"

"Wanane?" Kifaru akamgeukia. "Mama Mori, askari wangu kahesabu kumi na wanne."

"Kupe wako wadogo, Baba Kipusa. Wangu ni wakubwa, ndege anakula polepole."

"Mimi kupe siwajui," Kiboko alinguruma. "Mimi nazama, naibuka, ndiyo moja. Dimbwi wangu kacheza mbizi tatu. Nyingine zote kakaa kwenye gogo la akiba hadi kaota ukungu mgongoni."

Nguchiro akachomoza kichwa katika shimo la nne, nyuma yao kabisa.

"Shikamooni, wazee wangu."

Hawakuitikia. Kifaru alikuwa akivuta hewa puani, na harufu aliyoipata haikumpendeza. Yai. Nguchiro alikuwa na kiini cha yai kwenye sharubu. Nani alimpa yai? Kifaru akamtazama Nyati. Nyati naye alikuwa akimtazama Kiboko.

"Kila mmoja atapata jibu lake," alisema Nguchiro kwa unyenyekevu mkubwa. "Nipeni siku mbili tu." Akatoweka, na sauti yake ikasikika katika shimo la saba ikiwaaga.

Njiani kurudi nyumbani Kipusa alitembea nyuma ya babake akiburuta miguu.

"Baba, mechi na timu ya Ng'ambo utakuja?"

"Nitakosaje? Mechi ya mwisho ya msimu!"

"Basi naomba kitu kimoja. Unitazame."

Kifaru akasimama. "Mbona nakutazama kila siku, mwanangu?"

"Humtazami Kipusa, Baba. Unamtazama kocha. Unamtazama Mama Mori. Unapiga kelele 'Mtoe huyo, mwingize Kipusa', halafu nikiingia unauliza nimecheza kupe wangapi." Akapiga kokoto teke. "Hujawahi kuniuliza nimechezaje."

"Nitakutazama," alisema Kifaru. Na alikuwa akisema kweli, watoto. Kosa halikuwa katika kuahidi.

Kesho yake adhuhuri, Kifaru akiwa amelala kivulini, Askari akamnong'oneza sikioni: "Mzee, Nguchiro huyo. Yuko peke yake. Anatembea kwa kunyata na anatazama nyuma."

Mtu anayetazama nyuma! Kifaru akainuka upesi.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema Nguchiro kwa sauti ya chini.

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Sikutumwa. Nimekuja kwako wewe tu, na nikiondoka hapa sikuwahi kuja." Akasogea karibu na sikio la Kifaru. "Mzee, Ng'ambo wanajua siri zetu. Wanajua tutapiga kona vipi. Wanajua nani ataanza. Wamezijulia wapi?"

"Wapi?"

"Kikulacho ki nguoni mwako. Kuna mzazi mmoja anawapelekea."

Kifaru alihisi damu ikimpanda hadi kwenye pembe. "Nani?"

"Nisingependa kumtaja mtu. Watu wana heshima zao, wengine ni akina mama..."

"Ni Nyati!"

"Sikusema mimi."

"Ndiye! Nilijua tangu zamani. Kupe kumi na wanne kwa lipi? Mtoto mwenyewe hajui hata kutuliza mpira!"

"Umesema wewe, mzee. Mimi nimenyamaza."

Lakini Kifaru hakuwa wa kudanganywa kirahisi, au ndivyo alivyojiona. Akainamisha kichwa, pembe ikawa mbele ya pua ya Nguchiro. "Na nitajuaje kama mpelelezi si wewe? Una yai kwenye sharubu. Nani kakupa?"

Mwingine hapo angetetemeka. Nguchiro akapiga makofi taratibu.

"Hapo ndipo ninapokutaka, mzee. Umenishuku hata mimi. Asiyeshuku hafai kwa kazi hii. Yai ni la kanga, nilipigana naye mwenyewe, nina alama mkiani, mpe Askari azikague."

Askari akakagua. "Kweli mzee, kadonolewa."

"Kazi gani?" aliuliza Kifaru, na sauti yake ilikuwa imelainika.

"Siku ya mechi Nyati atasimama chini ya mgunga. Wewe kaa nyuma ya kichuguu changu. Mtazame yeye tu. Mpelelezi hutoa ishara kwa sikio, kwa mkia, kwa kwato. Ukiangalia kwingine hata mara moja, ishara itapita. Na usitoe sauti, mzee. Ukipiga kelele kama siku zote, atajua anachungwa."

"Na Kipusa?"

"Kipusa ataanza, na hatatoka mpaka filimbi ya mwisho."

Kifaru akainua kichwa. Mchezo mzima! "Kwa nini?" aliuliza, maana shaka haikumwacha hata mbele ya zawadi.

"Kwa sababu mlinzi ambaye mwanawe yuko kwenye gogo hukasirika, akasahau ulinzi. Mwanao akicheza, moyo wako utatulia."

Ilikuwa sababu nzuri. Kifaru aliipindua, akaipindua tena, hakuona tundu. Akajiambia kwamba kati ya wazazi wote wa Vumbi, kocha amemchagua yeye, mwenye akili. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa, ila siku hiyo hakuwepo wa kumkumbusha.

"Usimwambie mtu," alisema Nguchiro. "Hata Kipusa." Akaenda zake kwa kunyata, akitazama nyuma.

Siku ya mechi bonde lilijaa. Pundamilia walikuja na wageni wao, nyani wakakaa juu ya miti wakila ubuyu, na refa Korongo akaingia na filimbi yake mdomoni. Kifaru akajibanza nyuma ya kichuguu. Pale mbele ya macho yake kila kitu kilikuwa ukungu wa kahawia.

"Askari," alinong'ona, "geuka. Upe uwanja mgongo. Mtazame Nyati."

"Na mpira nani atakutangazia, mzee?"

"Leo hakuna mpira. Leo kuna Nyati."

Ndege akageuka shingo upande.

Priiii! Mechi ikaanza.

"Anafanya nini?" aliuliza Kifaru.

"Amesimama."

"Anatazama wapi?"

"Anatazama bwawani, mzee. Amekaza macho."

"Kwa nini bwawani? Mpira uko uwanjani!" Mama mzima ana mwana anayecheza halafu anatazama bwawa! Kama huo si ushahidi, ushahidi ni nini? "Huko bwawani kuna nani?"

"Kiboko. Kazama, yametoka macho na pua tu."

"Naye anamtazama Nyati?"

"Hapana, mzee. Anatutazama sisi."

Basi wako wawili. Nyati anatoa ishara, Kiboko anaangalia kama kuna mtu ameiona. Kifaru akajibana zaidi kwenye kichuguu, hata udongo ukaporomoka.

Pwaa! Mpira uliruka huko mbele, watazamaji wakaguna. Uwanja ulikuwa na sauti ngeni siku hiyo, na Kifaru alichukua muda kujua ni nini kilichokosekana. Zilikosekana kelele za wazazi. Hakukuwa na "Mori, kulia!" wala "Dimbwi, mbele!" Alisikia watoto wenyewe wakiitana, "Niachie! Nimekuona! Piga!" na katikati yao kicheko kimoja kinene alichokifahamu vizuri. Hakukumbuka ni lini alikisikia mara ya mwisho.

"Nyati katikisa sikio," alisema Askari.

"La kushoto au la kulia?"

"La kushoto. Mara mbili."

"Mara mbili!" Kifaru aliliweka akilini.

Ng'ambo wakafunga kwanza. Baadaye Vumbi wakasawazisha, na Kifaru alijua hivyo kwa kelele tu. Mapumziko yakapita. Kipindi cha pili kikapita nusu, kikapita robo tatu. Askari alikuwa hajadonoa hata kupe mmoja. Kifaru mwenyewe alikuwa amesahau kuuliza.

Mara sauti zikaanza kupanda. Kwanza nyani, halafu pundamilia, halafu bonde zima.

"Kipusa! Ki-pu-sa! Ki-pu-sa!"

"Mzee," Askari alisema, na kucha zake zilikuwa zinakwaruza mgongo. "Mzee, wanamwita Kipusa. Nigeuke? Kidogo tu. Jicho moja."

Kifaru akatulia. Shingo yake ilikwisha kuanza kugeuka. Angeweza kusema "geuka", neno moja tu.

"Nyati kainua mkia!" alisema Askari.

"Mtazame! Usimwache! Ukigeuka leo, kesho utatafuta mgongo mwingine."

Pwaa! Kisha kitu kama radi. Bonde lote liliruka juu na kuanguka chini kwa pamoja. Filimbi ikalia ndefu, priiiiii, mechi ikawa imekwisha.

Kifaru hakungoja. Akatoka nyuma ya kichuguu kwa mbio, tititi tititi, hadi chini ya mgunga. "Mama Mori, nimekukamata!"

Lakini Nyati alikuwa anakimbilia bwawani. "Baba Dimbwi, toka majini, nimekuona!" Na Kiboko alikuwa ametoka majini anatiririka maji, anamkimbilia Kifaru. "Mpelelezi mkubwa we! Mchezo mzima umejificha nyuma ya kichuguu!"

Wakagongana wote watatu. Kishindo kikatikisa mgunga.

"Mimi mpelelezi?" alihema Kifaru. "Aliyetikisa sikio mara mbili ni nani?"

"Nzi!" alisema Nyati.

"Na mkia? Uliinua mkia!"

"Baba Kipusa, nilikuwa na haja zangu. Nenda pale chini ya mgunga kaangalie, bado ina mvuke."

Nyani walicheka mpaka mmoja akaanguka. Kiboko akapangusa uso. "Subirini. Nani aliyewaambia kuna mpelelezi?"

"Kocha," alisema Nyati. "Alikuja kwangu jioni. Akasema nimtazame Kiboko tu, nisitoe sauti."

"Kwangu alikuja asubuhi," alisema Kiboko polepole. "Akasema nimtazame Kifaru."

Kifaru hakusema kwake alikuja wakati gani. Wote watatu wakageuka kukitazama kichuguu. Nguchiro alikuwa amekaa juu kabisa, mguu mmoja ndani ya shimo la kwanza.

"Kumradhi, wazee wangu. Hakuna mpelelezi. Hajawahi kuwepo."

"Umetudanganya!" Kifaru akakwaruza ardhi kwa mguu.

"Nimewadanganya. Mori akisikia 'kulia' ya mamake huacha mpira akaenda kulia. Dimbwi akisikia babake, husimama. Na Kipusa, mzee wangu, kila akigusa mpira hutazama pembeni kwanza aone umekasirika kiasi gani. Ningewachezeshaje? Nilikuwa nikiwatoa niwaokoe. Leo mmenyamaza, na wote watatu wamecheza mwanzo mpaka mwisho. Mlidai muda, nimewapa wote." Akainamisha kichwa kwa adabu, akazama shimoni. Kifaru akapiga kichuguu pembe moja, pu! Kicheko kikatokea shimo la sita.

Angeendelea kupiga mpaka kichuguu kiwe unga. Lakini alisikia miguu anayoijua ikimjia mbio nyuma yake.

"Baba!" Kipusa alikuwa amejaa vumbi hadi kope, na alikuwa anahema na kucheka kwa pamoja. Wenzake walikuwa wamejaribu kumbeba mabegani wakashindwa, wakaamua kumsukuma tu. "Baba, umeona?"

Kifaru alimgeukia. Kwa karibu hivyo alimwona vizuri, mpaka lile vumbi lililoganda kwenye jasho. Akageuza sikio mgongoni kutafuta msaada, ila Askari alikuwa ameficha kichwa chini ya bawa.

"Nimeona, mwanangu."

"Lile la mwisho? Lile la ushindi?"

"Nimeliona lote. Mguu una nguvu ule, mashallah. Shuti lile hata mimi lingenitoboa."

Kicheko cha Kipusa kikaondoka taratibu usoni.

"Nilifunga kwa kichwa, Baba," alisema.

Akakaa kidogo, kama anayengoja kusikia jambo jingine. Kisha akageuka akarudi uwanjani, wenzake walikokuwa wakimwita. Kifaru alibaki amesimama akiutazama ukungu wa kahawia mahali alipopotelea.

"Askari," alisema kwa sauti ndogo. "Ilikuwaje?"

"Sijui, mzee," alijibu ndege. "Uliniambia nimtazame Nyati."

Nami nilipoondoka bondeni nilimwacha palepale. Shikeni hili, watoto: mwenye kuchunguza hila za wenzake mchana kutwa, furaha ya mwanawe humpita.